Imeshika, Imeshikwa

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi mmoja kijana pale Tororo. Halikuwa na jambo kubwa, mkanda tu ulikuwa umelegea na unapiga kelele. Nikiwa nimekaa kwenye benchi nasubiri, akaja mtu kuulizia lori lake, na yule kijana akamjibu bila hata kuinua kichwa kwamba injini imeshika, atafute nyingine. Yule mtu akashika kiuno. Mimi nikainuka, nikatoka nikasimama barabarani, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka mafundi waone mama mzima analilia lori la mtu asiyemjua.

Wewe wa rika langu uliyelelewa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, utanielewa nikikuambia kwamba neno kushikwa tulilijua kabla hatujajua kusali. Sukari imeshikwa. Mitumba ya mama fulani imeshikwa. Lori la mahindi limeshikwa tangu Jumanne na dereva analala chini yake. Kitu kikishikwa mpakani, anatafutwa mtu wa kwenda kukiombea, na akipatikana mtu mwenye subira na makaratasi yaliyonyooka, siku moja kitu kinaachiwa. Sisi watoto hatukuona ajabu. Tulidhani ndivyo dunia nzima inavyoishi, vitu vinashikwa na vinaachiwa.

Mtu wa kutafutwa mara nyingi alikuwa baba yangu. Alikuwa ajenti wa mpakani, kazi yake kutembeza makaratasi ya malori kutoka dirisha hili hadi dirisha lile mpaka lori livuke. Mwembamba, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, na mdomo mzito kuliko wote niliowahi kuwaona. Mama alifariki mimi sijajua kufunga viatu, kwa hiyo alinilea Shangazi, dada yake Baba, ambaye aliongea kwa niaba yake na ya Baba na ya majirani wawili watatu. Baba aliingia, akanawa, akala, akaniuliza kama nimesoma, akalala. Usingemlaumu mtu aliyedhani ni bubu.

Ila ndani ya gari. Ndani ya gari Baba alikuwa mtu mwingine.

Lilikuwa gari la spoti la Kijapani, kuukuu, la milango miwili, la rangi ya buluu iliyoanza kufifia kwenye paa. Lilikuwa fupi kiasi kwamba mbuzi walilitazama kutoka juu. Taa zake zilijificha ndani ya boneti. Baba akibonyeza, zinainuka zote mbili kwa pamoja, na watoto wa mtaa wanapiga mayowe. Tumbo lilikwaruza kila tuta la Busia, ndiyo maana mtaani waliliita Kenge. Baba hakukasirika. Alisema anayemdharau kenge hajamwona akikimbia.

Alilinunua akiwa bado kijana, akimtongoza Mama. Hayo aliniambia mwenyewe, ndani ya lile gari, maana sehemu nyingine yoyote asingethubutu. Nilikuwa nasoma Tororo, shule ya bweni iliyoturuhusu sisi wa karibu kurudi nyumbani mwisho wa wiki, na kila Jumapili mchana Baba alinirudisha kwa Kenge. Tukishaacha nyumba za mji nyuma, anakohoa kidogo, anaanza. Kwamba Mama alipoliona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini, akauliza kama wanapanda au wanalivaa. Kwamba alivua viatu kila alipoingia, sijui kwa nini. Kwamba wimbo wa kanisani alioupenda aliuimba vibaya, na yeye Baba alikuwa anaupenda hivyo hivyo vibaya. Halafu anauimba, vibaya, kama yeye. Mpaka mwamba wa Tororo unapojitokeza mbele yetu, nilikuwa nimepata habari za kunitosha wiki nzima bwenini.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba Mama nilimjulia ndani ya lile gari, sitii chumvi. Kiti nilichokalia kilikuwa chake.

Na gari lenyewe lilikunywa maji kama ng'ombe. Rejeta ilikuwa mbovu tangu zamani, na ya kubadilisha haikupatikana, kwani gari la aina ile halikuwa na ndugu Busia wala Tororo. Kila asubuhi kabla ya safari ilibidi linyweshwe, injini ikiwa bado baridi, na nikiwa nyumbani kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilifungua mfuniko, nikauweka juu ya betri, nikamimina maji kwa jagi la bati hadi yachungulie mdomoni, nikafunga. Baba alinifundisha nizungushe mpaka mfuniko ukatae. Kisha yeye alipitisha kiganja juu yake, akashusha boneti, akaniita fundi mkuu. Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi tena kupata cheo kikubwa kama kile.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, wakati wa kiangazi, watu wanachoma mashamba wakingojea mvua. Baba aliitwa Tororo ghafla kwa lori lililokwama, na dereva wa lori hilo alikuwa tayari amesimama getini anakanyaga hapa na pale. Nililinywesha gari. Baba akashusha boneti huku anafunga vifungo vya mikono ya shati, wakaondoka. Mchana Shangazi akapigiwa simu. Simu yake ilikuwa haisikiki mpaka uiwashe kipaza sauti, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia. Alikuwa Fundi Owori wa Tororo, yule aliyelitengeneza Kenge miaka yote.

"Dada, msingoje Mzee kwa chakula. Gari imeshika njiani, huku upande ya Mwello. Imeshika kabisa."

Alisema imeshika. Injini imekwama, vyuma vimeungana, haizunguki tena. Lakini mimi mtoto wa ajenti, mtoto wa Busia, nilisikia imeshikwa. Masikio yangu yaliongeza ile herufi yenyewe bila kuniuliza. Nilimuona askari kwenye kizuizi cha barabara, nikamuona Baba anashuka, nikaona Kenge anaburutwa kupelekwa yadi. Sikuogopa sana. Nilijua ni siku mbili tatu. Magari ya watu wote Baba aliyatoa, atashindwaje kulitoa lake?

Alirudi jioni kwa boda. Shati lilikuwa jeusi hadi viwikoni, uso umeparara, na alitembea kama mtu aliyetoka kuzika. Mimi nilikuwa uani nawanywesha kuku kwa lile jagi la bati. Nikamkimbilia.

"Baba, gari imeshikwa?"

Alisimama. Akanitazama mimi, akalitazama jagi, akanitazama tena mimi. Nakumbuka kuku waliendelea kunywa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Imeshikwa."

Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Akaingia ndani bila kunawa.

Baada ya hapo kila Jumamosi Baba alikwenda Tororo. Nilipouliza anakwenda kufanya nini, alisema anakwenda kuona habari za gari. Alirudi na kucha nyeusi, vidole vyeusi, na sabuni haikutoa chochote. Hapo mimi nikafanya hesabu zangu za kitoto. Niliwahi kumwona mtu kituo cha polisi amechovywa vidole kwenye wino ili alama zake zibaki kwenye karatasi, na Shangazi alinieleza kwamba hivyo ndivyo wezi wanavyofanyiwa. Nikajua wanamfanyia Baba vile vile, kila Jumamosi, na yeye ananyamaza tu. Nilikaa nikikitazama kidole gumba chake kimelala kwenye ukingo wa sahani, na nilikuwa najisikia aibu kwa niaba yake. Baadaye aibu ikaanza kuwa hasira.

Pale Busia palikuwa na yadi yenye ua wa waya ambako magari yaliyoshikwa yalikaa juani. Mengine yalikuwa yamekaa hadi majani yakapenya sakafuni na kutokea madirishani. Nilipotumwa dukani nilizunguka kupitia pale, nikabandika uso kwenye waya, nikatafuta buluu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Kenge yuko nyuma ya lile lori kubwa la pembeni, kwa sababu yeye ni mfupi na hawezi kuonekana. Nilimwambia avumilie. Nilimsemesha kwa sauti, na mlinzi wa yadi akadhani nina kichaa kidogo.

Jumapili sasa Shangazi ndiye aliyenirudisha shule. Aliongea njia nzima, habari za bei ya dagaa na mchungaji mpya, na hakuna hata moja kuhusu Mama. Nyumbani Baba alizidi kunyamaza. Siku moja nilijikaza, nikamuuliza Mama alipenda kula nini. Akafungua mdomo. Mikono yake ikainuka kidogo juu ya meza, kama inatafuta kitu cha kushika, ikarudi chini. Akaniambia nile, chakula kinapoa. Nilijua hapo kwamba bila gari sitampata tena Mama, na kwamba mtu pekee wa kulitoa gari amekaa mbele yangu anatafuna ugali.

Nilimchukia. Ni vizuri niliseme wazi, maana nimelizunguka muda mrefu. Nilimchukia kwa upole wake, kwa kalamu zake tatu, kwa jinsi alivyowaamkia maaskari kwa mikono miwili.

Likizo iliyofuata wakaja nyumbani madereva watatu. Baba alikuwa amelitoa lori lao baada ya wiki mbili, na walileta mguu wa mbuzi kushukuru. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakamsifu. Mmoja wao, Mkenya mnene mwenye kofia, alisema huyu mzee wetu ni noma, mpakani hakuna dirisha linalomshinda. Nilikuwa nimeleta vikombe. Nikasimama katikati ya sebule na sinia mkononi.

"Lake limemshinda," nikasema. "Gari letu limeshikwa na hajalitoa mpaka leo. Anaogopa maaskari."

Kisha yule mwenye kofia akacheka ili kuokoa hali, akasema mganga hajigangi, na wenzake wakacheka naye. Baba naye akacheka. Alicheka kweli, meno yakaonekana. Shangazi alikuwa ameshafika kutoka jikoni na mkono uko juu kunizaba kofi, Baba akaudaka.

"Mwache," akasema. "Mtoto amesema alichokiona."

Sikuomba msamaha. Usiku nilingoja aje anigombeze, na asipokuja nikamdharau zaidi, nikaona hata mimi mtoto ananiogopa. Tangu siku ile kulikuwa na kitu kati yetu kisichoondoka. Hatukugombana. Nilimwamkia, nilimpelekea chai, nilifaulu mitihani, alinilipia shule mpaka mwisho. Lakini heshima nilimnyima, na yeye alijua, na alikaa nayo.

Nilipokuwa mkubwa niliacha kuuliza habari za Kenge. Nilichukulia kwamba lilipigwa mnada kama yale mengine. Miaka minne iliyopita nilinunua gari langu mwenyewe, nikaenda kumwonyesha. Alikuwa amezeeka, anatembea akishika ukuta. Akalizunguka polepole, akaniomba nifungue boneti, akatazama ndani muda mrefu kisha akauliza nani ananiangalizia maji. Nikamwambia magari ya siku hizi hayanyweshwi kama ng'ombe. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na ulimi ule ule wa utotoni, nikaongeza kwamba hili halitashikwa, na likishikwa nitakwenda mwenyewe kulitoa, mimi siogopi watu. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema vizuri, mama.

Alifariki mwaka huu. Tulimzika kwao Masinya. Walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia, madereva wa pande zote mbili, maajenti, hata maaskari wawili wastaafu waliobeba jeneza. Asubuhi ya maziko nilikaa pembeni, kwenye kiti cha plastiki nyuma ya hema, nikiwa na karatasi ya maneno niliyoandika kusema juu yake, maana mimi ndiye mtoto pekee. Niliandika kwamba alikuwa mtu mpole asiyependa ugomvi. Ndivyo tunavyowasemea marehemu ambao hatuna la kusema juu yao.

Fundi Owori akaja akakaa karibu yangu. Amekuwa mzee, jicho moja halioni. Tukaongea habari za safari, za ugonjwa, akanipa pole, kisha akasema kwa uchungu kwamba siku ambayo Baba alilia kuliko zote ni ile ya kulifungua Kenge. Nikamuuliza kulifungua wapi, kwani polisi waliwaruhusu kuingia yadi? Akanigeuzia lile jicho zima.

"Polisi gani?" akasema. "Gari ilikufa. Mzee hakukuambia mpaka leo?"

Akanieleza, na alinieleza taratibu kwa sababu aliona uso wangu. Mshale wa joto wa gari lile ulikufa zamani. Baba alipoona moshi njiani, alidhani ni wa mashamba yanayochomwa, kote kulikuwa na moshi siku ile. Alipotambua kwamba ni wake, injini ilikuwa imeshika. Walilivuta hadi kwa Owori, wakafungua boneti, na mfuniko wa rejeta haukuwa mahali pake. Ulikuwa umekaa juu ya betri. Maji yote yalikuwa yameruka njiani.

Miezi mitano Baba alikuja kila Jumamosi, akavua shati jeupe, akashika spana yeye mwenyewe. Kichwa cha injini kilikuwa kimepinda, pistoni zimeyeyukia kwenye kuta, na bloku yenyewe ina ufa. Walitafuta injini nyingine Kampala, wakatafuta Nairobi, hakuna. Owori ndiye aliyemwambia mwishoni kwamba imetosha, na Baba akaketi kwenye kiti cha pembeni, kile changu, akakaa humo hadi wafanyakazi wakaenda nyumbani. Wanunuzi wa vyuma walilikata wiki iliyofuata.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa nimeshajua, lakini niliuliza.

"Mimi nilimuuliza hivyo hivyo," Owori akasema. "Alisema mtoto hana mama. Akijua ni mkono yake iliua hii gari, atabeba hiyo kitu maisha yote. Akasema, wacha anikasirikie mimi. Mimi ni mtu mzima, nitaweza."

Owori akasema Shangazi naye alijua. Mwanamke ambaye siri haikuwahi kulala kwake usiku mmoja, hii aliingia nayo kaburini.

Nimejaribu kuikumbuka asubuhi ile. Nimelala macho wazi nikijaribu. Naona jagi, naona yule dereva getini, nasikia maji yanavyopanda ndani ya rejeta, na baada ya hapo mkono wangu haufanyi chochote. Sijui nilitazama nini. Asubuhi nyingine zote nazikumbuka nikizungusha mpaka mfuniko ukatae. Ile moja haipo.

Mshereheshaji akaniita. Nikatembea hadi mbele, kando ya jeneza, nikafungua karatasi yangu na herufi zote zilikuwa zimeungana. Nikaikunja. Watu wakadhani nitalia, na akina mama wa mbele wakaanza kujiandaa kuja kunishika.

"Baba yangu hakuwa mwoga," nikasema.

Nikarudia, kwa sauti zaidi, ili wa nyuma wasikie. Wale madereva wakatazamana. Mmoja wa maaskari wastaafu akainamisha kichwa, mwingine akanitazama kwa huruma kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Hawakuelewa ninamjibu nani, kwa sababu katika watu wote wale waliomjua, hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba alikuwa mwoga. Nilikuwa mimi peke yangu.